Enzaimu ya kimelea cha malale inatengenezwaje na inaingiaje kwenye glikosomu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Niliwahi kupoteza miezi mitatu maabara kwa sababu ya herufi tatu tu. Nilitaka kujua enzaimu moja ya tripanosoma, yaani kimelea wa malale, inakaa sehemu gani ndani ya seli, nikaiunganisha na ile protini inayong'aa kijani, GFP, nikaibandika mwishoni kabisa kwenye mkia kama nilivyoona wengine wanafanya, nikaweka seli kwenye hadubini, seli nzima kijani, kama umemwaga rangi kwenye ndoo ya maji. Nikaandika kwenye daftari: iko saitosoli, yaani kwenye ule ute wa seli ulio nje ya vifuko vyake. Halafu majaribio mengine yote nikayajenga juu ya jibu hilo. Kumbe mkiani mwa ile enzaimu kulikuwa na S, K na L, herufi za asidi amino tatu, ambazo ndo anwani yake, na mimi nimeifunika na GFP, sawa na kubandika stempu juu ya jina la mtu kwenye bahasha. Barua haifiki, si kwa sababu posta haifanyi kazi, ni kwa sababu hakuna anayeweza kuisoma.

Ndo maana naandika hii, kwa mwanafunzi wa baiolojia au mtu wa maabara anayeanza kazi na hivi vimelea, aelewe safari nzima kuanzia kwenye jeni mpaka ndani ya oganeli, yaani kifuko chenye kazi yake ndani ya seli, na ajue namna ya kuthibitisha. Vitabu vya shule vinaziita vimeng'enya, mimi nitasema enzaimu maana ndo tunavyoongea tukiwa kazini.

Kwanza ujue hii glikosomu ni kitu gani

Trypanosoma brucei ndo anayeleta malale kwa watu, na ni mmoja wa wanaoleta nagana kwa ng'ombe, na anabebwa na mbung'o, wengine tunamwita ndorobo. Akiwa ndani ya damu ya mtu au mnyama anakula glukosi na karibu nguvu yake yote inatoka humo. Sasa sisi binadamu kazi ya kuvunja glukosi tunaifanya saitosoli, wazi kabisa, hatua zote 10. Yeye hatua 7 za kwanza amezifungia kwenye vifuko vidogo vyenye utando mmoja. Vifuko hivyo ndo glikosomu, na waliovigundua ni Fred Opperdoes na Piet Borst wakiwa Amsterdam mwaka 1977.

Seli moja ya kwenye damu ina vifuko kama 65, kila kimoja upana wake ni kama maikromita 0.3, ukivijumlisha vyote vinachukua kama asilimia 4 tu ya ujazo wa seli. Ila ndani yake kumejaa kwelikweli, kama asilimia 90 ya protini iliyomo ni enzaimu za glukosi. Na glikosomu ni ndugu wa damu wa peroksisomu zetu sisi, vifuko vya aina hiyo ndani ya seli za binadamu, mlango wa kuingilia ni wa ukoo mmoja, hilo likumbuke maana litarudi mwishoni.

Glikosomu haina DNA yake mwenyewe. Mitokondria angalau ina jeni chache za kwake, hii haina hata moja, kwa hiyo kila enzaimu iliyomo ndani imetengenezwa nje ikaingizwa. Hakuna njia nyingine.

Na kwa nini ahangaike kujifungia hivyo? Hapa wengi wanapita haraka lakini ndo roho ya jambo lenyewe. Ukianza kuvunja glukosi unalipa kwanza: heksokinesi, enzaimu ya hatua ya kwanza, inatumia ATP moja (ATP ndo sarafu ya nguvu ya seli), fosfofruktokinesi inatumia nyingine, faida inakuja baadaye. Heksokinesi zetu nyingi zina breki, glukosi-6-fosfeti ikijaa zinapunguza kazi. Heksokinesi ya tripanosoma haina hiyo breki. Sasa fikiria enzaimu isiyo na breki iko wazi saitosoli, kuna glukosi nyingi na ATP yote ya seli iko mbele yake, itaendelea kulipa tu na kulipa mpaka seli inafilisika huku imejaa sukari zenye fosfeti zisizo na pa kwenda. Ukuta wa glikosomu ndo unazuia hilo, maana ndani ya kifuko ATP inayotumika mwanzoni inarudishwa na fosfogliserati kinesi mwishoni, hesabu inakuwa sifuri, haizidi haipungui, na heksokinesi haiwezi kwenda kasi kuliko ATP inayorudi. Faida halisi inapatikana nje, saitosoli, kwenye pairuveti kinesi. Kwa hiyo enzaimu ikikosea njia ikabaki nje, kimelea yuko hatarini, na ndo sababu watu wa dawa wanautazama sana huu mlango.

Hatua ya 1: kutoka kwenye jeni

Ukitoka kwenye seli za kawaida ukaja kwa tripanosoma, sahau mambo ya kutafuta promota ya kila jeni, yaani swichi yake ya kuwashia. Huyu anasoma jeni nyingi zilizopangana kwa mpigo mmoja, anatoa uzi mrefu wa RNA, halafu anaukata vipande na kila kipande anakivalisha kofia, kipande kifupi cha herufi 39 ambacho ni kilekile kwa kila mRNA, yaani nakala ya jeni inayopelekwa kusomwa. Upande wa nyuma kinawekewa mkia wa A nyingi. Yaani kuwasha na kuzima jeni mojamoja mlangoni karibu hakupo, kudhibiti kunafanyika baadaye: mRNA ipi idumu, ipi iharibiwe, ipi isomwe sana na ribosomu, mashine za kutengeneza protini. Maelekezo hayo mengi yanakaa kwenye ile sehemu ya mwisho ya mRNA isiyotafsiriwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni hiyohiyo fosfogliserati kinesi. Jeni zake zimepangana pamoja, PGKA, PGKB na PGKC. PGKB inatumika sana kimelea akiwa ndani ya mbung'o na inakaa saitosoli. PGKC inatumika akiwa ndani ya damu na inakaa glikosomu. Ukizilinganisha B na C zinafanana karibu mwili mzima, tofauti kubwa ni kwamba C ina mkia wa ziada wa asidi amino 20 unaoishia na S, S, L. Mwaka 1998 kuna watafiti walimlazimisha kimelea wa kwenye damu atengeneze ile inayokaa saitosoli, akashindwa kukua. Enzaimu ileile, kazi ileile, imekaa chumba kisicho chake basi.

Kwa hiyo kwa vitendo: kabla hujaanza chochote angalia enzaimu yako inaonekana hatua gani ya maisha ya kimelea, kwenye damu au kwenye mbung'o. Usije ukaitafuta kwenye seli ambazo hata haiitengenezi.

Hatua ya 2: ribosomu, na kujikunja

Enzaimu za glikosomu zinatengenezwa na ribosomu zinazoelea saitosoli, hazipitii kwenye ule mtandao wa endoplazimu kama protini zinazotolewa nje ya seli. Zinamalizika, zinajikunja vizuri, nyingine zinashikana mbili mbili au nne nne kabisa, ndo zinaingia. Hapa ndo tofauti kubwa na mitokondria. Kule protini inafunguliwa ikawa kama uzi halafu inapitishwa kwenye tundu jembamba, huku inaingia ikiwa imeshakamilika umbo lake.

Hilo lina matokeo ambayo lazima uyajue. Enzaimu isiyo na anwani inaweza kuingia kwa kumshikilia mwenzake mwenye anwani, kama abiria aliyekuja na mwenyeji. Kwa hiyo ukikuta enzaimu iko ndani na huoni anwani yoyote usiseme mfumo umevunja sheria, angalia kwanza imeshikana na nani.

Hatua ya 3: kusoma anwani

Hii unaifanya ukiwa umekaa na kompyuta, haina gharama ila intaneti. Ingia TriTrypDB, hapo kuna jenomu za hivi vimelea, ni bure. Ile jenomu ya kwanza ya T. brucei ilitoka 2005 na ilisomwa kutoka kwenye aina inayoitwa TREU927, ambayo asili yake ni vimelea waliotolewa kwenye mbung'o pale Kiboko, Kenya, mwaka 1970. Kila nikifungua ule ukurasa nakumbuka hilo, kwamba herufi zote hizi zimetoka kwa mdudu wa pembeni ya barabara ya Mombasa.

Chukua mfuatano wa asidi amino wa enzaimu yako. Usianze kusoma mwanzo, nenda mwisho. Herufi tatu za mwisho.

Anwani ya kwanza inaitwa PTS1 na inakaa mkiani. Ya kawaida ni SKL, yaani serini, laisini, lusini. Ilipatikana kwanza kwenye enzaimu ya kimulimuli, ile inayomfanya awake usiku, maana kwa kimulimuli hiyo enzaimu inakaa kwenye peroksisomu, na kina Stephen Gould na Suresh Subramani ndo walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba hizo herufi tatu peke yake zinatosha kuipeleka protini huko. Ila si lazima iwe SKL kamili. Ya kwanza inaweza kuwa S, A au C, ya pili K, R au H, ya tatu L au M. Kwa T. brucei utakuta AKL kwenye GAPDH, SHL kwenye glukosi-6-fosfeti isomeresi, SKM kwenye gliserol-3-fosfeti dehaidrojinesi. Na PGKC ina SSL, ambayo ukifuata hiyo kanuni kwa ukali utaitupa, na utakuwa umekosea. Kanuni ikusaidie kutafuta, isikuamulie.

Anwani ya pili, PTS2, inakaa mwanzoni, karibu na kichwa. Ni herufi 9: inaanza na R au K, inafuata L, V au I, halafu tano zozote, halafu H au Q, inamalizia na L au A. Heksokinesi na aldolesi zinatumia hii. Ni rahisi kuikosa kwa sababu zile tano za katikati zinabadilika, na ni rahisi pia kuiona mahali ambapo haipo, kwa hiyo linganisha na ndugu zake, Trypanosoma cruzi na Leishmania, ambao nao wana glikosomu. Kama anwani iko kwa wote hao hapo una kitu.

Halafu kuna zile zisizo na mkia wala kichwa, kama triosefosfeti isomeresi, anwani yake iko ndani ya mwili wenyewe. Hizo kompyuta haikusaidii sana, nenda kwenye majaribio.

Kabla hatujaendelea, jambo moja ambalo wanafunzi wanachanganya kila mara. Hii yote ni ya kina tripanosoma na Leishmania. Kimelea cha malaria hakina glikosomu, glukosi anaivunja saitosoli kama sisi. Yeye ana oganeli nyingine, apikoplasti, yenye tando nne, na protini zake zina anwani ya sehemu mbili mwanzoni: ya kwanza inaipeleka kwenye njia ya endoplazimu ikakatwa, ya pili inaingiza apikoplasti nayo ikakatwa. Usichukue kanuni ya SKL ukaenda kutafuta nayo apikoplasti, utazunguka bure.

Hatua ya 4: mpokeaji na mlango

Enzaimu ikiwa na PTS1, inapokelewa saitosoli na PEX5. Hii protini ina mfuko ambao mkia wa SKL unaingia kama ufunguo kwenye kitasa, na lazima mkia uwe huru, wa mwisho kabisa, ndo uingie. Rudi kwenye kisa changu cha GFP, sasa unaona kwa nini. PTS2 inapokelewa na PEX7, lakini PEX7 haiendi peke yake, inashikana na PEX5 wanaongozana.

Wanafika kwenye utando wa glikosomu, PEX5 anamshika PEX14. Hapo ndo bandarini. Kuna PEX13 pia, na tripanosoma ana aina mbili za PEX13. Mzigo unaingia ndani. PEX5 mwenyewe habaki hapo, anawekewa alama ya yubikwitini, halafu PEX1 na PEX6, ambazo ni mashine zinazotumia ATP, zinamvuta kumtoa kwenye utando anarudi saitosoli kuchukua mzigo mwingine. Protini za utando wenyewe wa glikosomu zina njia yao tofauti kabisa, zinabebwa na PEX19, sitaingia huko.

Jambo la kushika: wapokeaji ni wachache na wanazunguka. Ukiizidishia seli enzaimu moja kupita kiasi PEX5 wanazidiwa, mzigo unabaki saitosoli, na wewe utadhani anwani haifanyi kazi.

Hatua ya 5: jaribio la kijani

Kwa kazi hii tumia T. b. brucei aina ya Lister 427. Huyu hawezi kuambukiza mtu kwa kawaida, damu yetu ina protini inayomuua, APOL1. T. b. rhodesiense, wa kwetu huku Afrika Mashariki, ana silaha ya kuizuia hiyo protini, huyo usimguse bila maabara yenye usalama unaofaa na watu waliofundishwa.

Hatua ya mbung'o, seli zake tunaziita prosaikliki, unazikuza kwenye midia ya SDM-79 nyuzi 27, hazihitaji hewa ya kaboni. Za kwenye damu ni HMI-9, nyuzi 37, kaboni daioksaidi asilimia 5, na usiziache zipite milioni 2 kwa mililita maana zinaanza kubadilika na kufa. Kama unaanza, anza na prosaikliki, zinavumilia.

Sasa weka GFP upande ambao hakuna anwani. PTS1 iko mkiani, basi GFP iende kichwani. PTS2 iko kichwani, basi GFP iende mkiani. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kama ukipenda, mimi niliiandika. Na ukiweza ibandike kwenye jeni lenyewe pale lilipo kwenye kromosomu, ili kiwango kibaki cha kawaida usije ukawazidishia mzigo PEX5.

Tengeneza na ndugu zake watatu wa kulinganisha: enzaimu ileile umeikata herufi tatu za mwisho, hiyo inatakiwa isambae seli nzima, GFP tupu umeiwekea SKL, hiyo inatakiwa itoe madoa, na GFP tupu bila kitu. Ukiangalia kwenye hadubini, glikosomu zinaonekana kama punje za mtama zilizotawanyika mwili mzima wa seli, mviringo, zimejitenga. Mitokondria haifanani hivyo, ni wavu mmoja mrefu. Ila madoa peke yake si ushahidi, lazima upake na kingamwili ya aldolesi kwa rangi nyekundu uone kama vinalaliana, punje kwa punje. Nimeshaona madoa mazuri ya kijani ambayo aldolesi iko pembeni kabisa, yalikuwa mafundo tu ya protini iliyoharibika.

Hatua ya 6: digitonini

Hadubini ikikubali thibitisha kwa njia ya pili. Digitonini inatoboa utando wenye kolesteroli nyingi kwanza, yaani ngozi ya nje ya seli, na ukiongeza kiwango ndo inafika kwenye glikosomu.

Osha seli kwenye bafa yenye sukrosi milimola 250, pima protini, gawa kwenye tyubu sawasawa, kisha weka digitonini kwa kupanda, kuanzia sifuri mpaka miligramu 1 kwa kila miligramu ya protini. Dakika 4, nyuzi 37, halafu zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi papo hapo, usiende kunywa chai. Chukua maji ya juu na mashapo ya chini, endesha jeli, westani bloti, yaani kutafuta kila protini kwa kingamwili yake. Enolesi ni ya saitosoli, itatoka mapema, karibu na miligramu 0.1. Aldolesi ni ya glikosomu, itang'ang'ania chini mpaka kiwango kiwe kikubwa. Enzaimu yako inafuata nani? Kama enolesi na aldolesi zimetoka pamoja, tyubu hizo tupa, umetoboa kila kitu mara moja, rudia kwa kiwango kidogo zaidi.

Ukitaka kujua iko ndani kabisa au imeng'ang'ania nje ya kifuko, chukua glikosomu zilizosafishwa uziwekee proteinesi K. Iliyo nje inaliwa. Iliyo ndani inabaki salama, na ukiongeza Triton X-100 kuvunja utando nayo inaliwa. Bila hiyo tyubu ya Triton jaribio halina maana, maana huenda protini yako ni ngumu tu kuliwa.

Hatua ya 7: funga mlango uone

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote. Chukua prosaikliki wenye RNAi ya PEX14, yaani njia ya kuharibu mRNA ya jeni moja ili protini yake isitengenezwe, inayowashwa na tetrasaikliini. Andaa chupa mbili, moja midia ina glukosi, nyingine haina, ina prolini ambayo seli hizi zinaila vizuri. Washa RNAi kote kuwili. Enzaimu zitaanza kubaki saitosoli, utaziona kwenye digitonini zinatoka mapema pamoja na enolesi. Chupa yenye glukosi inakufa. Isiyo na glukosi inaendelea. Ilionyeshwa 2002 na inarudiwa vizuri: sukari ambayo ni chakula inageuka sumu kwa sababu heksokinesi isiyo na breki imebaki nje ya ukuta. Hesabu seli kila siku kwa saa ileile, na uwe na chupa nyingine mbili ambazo hujaweka tetrasaikliini.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na timu za Ujerumani walionyesha kemikali ndogo zinazokaa kati ya PEX14 na PEX5 zikawazuia wasishikane, na tripanosoma wakafa. Saa hivi malale ina kidonge, feksinidazoli, na tangu 2024 WHO imeruhusu kitumike hata kwa ile ya rhodesiense, lakini kutegemea dawa moja kwa ugonjwa kama huu ni kama jembe moja kwa kijiji kizima, tunahitaji nyingine. Kama ndo njia unayotaka kufuata, kumbuka peroksisomu zetu zinaingiliwa kwa PEX5 na PEX14 pia, na mtoto anayezaliwa na mfumo huo umeharibika kabisa mara nyingi haishi muda mrefu. Kwa hiyo kemikali yoyote unayoijaribu kwa tripanosoma ijaribu wiki hiyohiyo kwenye seli za binadamu, kwa kiwango kilekile, na upake kataleisi, enzaimu ya peroksisomu, uangalie kama bado iko kwenye punje zake.